Kabla ya Jembe, Ulizeni Ploti ni ya Nani

Mwenyekiti, wazee wa mtaa, mabibi na mabwana, nimealikwa kuzungumzia bustani ya pamoja, na bila shaka mnatarajia habari za matuta na samadi. Walionisikia kwingineko wanajua kwamba nitaanza na hati ya ardhi, na kwamba huenda nisibanduke hapo.

Katika mtaa mmoja wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kikundi cha wakazi kilichukua ploti iliyokuwa imegeuka jaa. Waliondoa taka, wakauvunja ule udongo mweusi unaoganda kwenye buti wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, wakauchanganya na samadi iliyoletwa kwa mkokoteni, hadi ukakubali kuotesha sukuma wiki, managu na terere. Pembeni mwa tuta la terere palikuwa na kigingi cha chuma kilichosimikwa katika saruji. Kila mtu alikiona. Mama mmoja alikuwa akikung'utia jembe lake papo hapo. Hakuna aliyeuliza kiliwekwa na nani. Kilikuwa alama ya mpaka, kazi ya mpimaji. Mwenye ploti alipopita na kukuta taka zimeondoka, alitambua, na hakukosea, kwamba mali yake sasa inauzika, na kabla ya mavuno ya pili mabati yakazungushwa. Waliotoa jasho hawakuwa na hata kipande cha karatasi cha kuombea muda wa kuvuna.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa. Utaniambia, mzee wangu, kwamba mama zetu wamelima kandokando ya barabara na reli miaka yote bila kumwomba mtu ruhusa. Ni kweli, lakini anayelima peke yake akifukuzwa hupoteza mistari yake miwili, ilhali kikundi kikifukuzwa hupoteza michango ya watu, na michango ikipotea, majirani hawatazamani usoni. Mwingine atanitajia sheria ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 kuhusu kilimo cha mjini. Sheria hiyo ilikitambua kilimo hicho na kukiwekea taratibu. Haikumgawia mtu ploti. Mtafuteni mwenye ploti, mwandikiane mtalima kwa muda gani, atatoa notisi ya miezi mingapi, na mazao yaliyomo yatakuwa ya nani notisi ikiisha. Ikiwa ni ardhi ya umma, barua itoke katika ofisi inayoisimamia, si ahadi iliyotolewa juu ya gari wakati wa kampeni.

Nifupishe. Kuhusu maji, amueni mapema nani atalipa bili na nani atashika ufunguo wa mfereji, maana miche haingoji kikao. Na msiyachote katika Mto Nairobi, unaobeba maji taka. Kuhusu udongo, ripoti ya 2007 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilionyesha kuwa udongo wa karibu na jaa la Dandora una madini ya risasi kwa wingi, na risasi ni sumu isiyoonekana kwa macho. Aliye karibu na jaa au gereji alete udongo safi alime kwenye magunia kama wafanyavyo Kibera, akisimamisha safu ya mawe katikati ili maji yafike chini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mbegu tutazijadili siku nyingine. Vijana wawili wenye intaneti kwenye simu wabaki nami, tuingie Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, tuanze kuitafuta ile ploti iliyo nyuma ya zahanati.