Anza na Kazi, Kabati Lisubiri

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, nawasalimu kwa heshima. Leo nataka tuzungumze kuhusu vitu: vile vilivyojaa kabatini, vilivyorundikwa juu ya meza, nyuma ya mlango na uvunguni mwa kitanda, na jinsi vinavyomnyima nafasi mtu mwenye hamu ya kushona, kuchora, kuandika au kutunga nyimbo. Tafadhali msidhani kwamba nazungumzia usafi. Nyumba inaweza kufagiliwa na kupigwa deki kila asubuhi, na bado isiwe na hata pembe moja ambapo mtu anaweza kuketi na kuanza kazi yake bila kwanza kuhamisha kitu.

Watu wengi wanapoamua kupunguza vitu huanzia kabatini. Hutoa nguo zote, huzitandaza kitandani, huzikunja upya, na jioni, mgongo ukiwa unauma, huzirudisha karibu zote zilikotoka. Kabati hupendeza kwa muda, lakini hakuna mchoro uliochorwa wala shairi lililoandikwa. Mimi naona tuanze na kazi yenyewe. Amua kwanza ni kitu gani unatamani kukitengeneza katika kipindi hiki cha maisha yako, kisha ujiulize kazi hiyo inahitaji nini hasa: meza ya upana gani, mwanga unaotoka upande upi, saa zipi za utulivu, na zana zipi zinazopaswa kuwa karibu na mkono. Mshonaji anahitaji mahali bapa pa kutandaza kitambaa na kukikata bila kukikunja. Mwandishi huenda akaridhika na ubao wa upana wa daftari mbili, mradi pasiwe na mtu anayepita nyuma yake kila dakika. Ukishajua hivyo, vitu vya kuondoa vitajionyesha vyenyewe, kwa kuwa ni vile vilivyoikalia nafasi hiyo, hata kama ni vizuri na vya thamani, na hata kama kwa sasa havina pa kwenda isipokuwa chumba kingine. Nyumba iliyobaki inaweza kusubiri.

Sababu ya kuanzia pale mbele ya macho inajulikana vizuri. Mwaka 2011 Stephanie McMains na Sabine Kastner wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vitu vingi vinapoonekana kwa wakati mmoja, hushindania nafasi katika sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona, na kila kimoja hupunguza nguvu ya kingine, mpaka mtu aelekeze umakini wake kwa makusudi kwenye kile anachokihitaji. Kuelekeza umakini ni kazi, na nguvu inayotumika hapo ni ileile tuliyotaka kuitumia kutafuta sentensi nzuri au kuchagua rangi. Ndiyo maana mtu huketi mezani, na kabla hajaanza chochote huhisi amechoka.

Hebu tuitazame meza moja kwa karibu. Juu yake pana bahasha iliyofunguliwa ambayo barua yake haijajibiwa, saa ya mkononi iliyosimama kwa kuisha betri, kitabu cha kuazima, chaja ya simu ambayo haimo tena nyumbani humu, shati lililong'oka kifungo pamoja na kifungo chenyewe ndani ya kifuniko cha chupa, na risiti zilizofifia hadi maandishi yake hayasomeki. Hakuna hata kimoja kilicho kikubwa. Hata hivyo, kila kimoja ni uamuzi ulioahirishwa, na kila unapokitazama kinakuuliza tena swali lilelile: utanijibu lini, utanirudisha lini, utanishona lini? E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha, mwaka huohuo wa 2011, kwamba lengo ambalo halijatimizwa huendelea kuisumbua akili ya mtu hata anapofanya jambo lingine, na kwamba usumbufu huo hutulia akishaweka mpango mahususi wa namna atakavyolitimiza, hata kabla hajalitimiza. Kwangu mimi hiyo ni habari njema sana, kwa sababu ina maana kwamba huna haja ya kumaliza shughuli zote za nyumba ndipo uruhusiwe kuchora. Viweke vitu hivyo vyote katika kapu moja, andika kwenye karatasi ni siku gani na saa ngapi utavishughulikia, lisogeze kapu mahali usipoliona, kisha ukae ufanye kazi yako.

Najua wapo watakaonipinga wakisema kwamba wasanii wakubwa wamefanya kazi katikati ya fujo, na pingamizi hilo linastahili kujibiwa kwa uzito. Kathleen Vohs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha mwaka 2013 jaribio ambalo washiriki waliombwa kufikiria matumizi mapya ya mpira wa tenisi ya mezani, baadhi yao wakiwa katika chumba kilichopangwa na wengine katika chumba kilichovurugika. Idadi ya mawazo haikutofautiana, ila mawazo ya wale waliokaa kwenye vurugu yalihukumiwa kuwa ya kibunifu zaidi. Tena yupo mchoraji Francis Bacon, aliyefanya kazi katika nyumba namba 7 ya Reece Mews jijini London kuanzia mwaka 1961 hadi alipofariki mwaka 1992, ndani ya chumba ambacho sakafu yake ilikuwa imefunikwa kabisa. Studio hiyo ilihamishiwa kwenye jumba la sanaa la Hugh Lane jijini Dublin na kufunguliwa kwa umma mwaka 2001, na vitu vilivyoorodheshwa humo vilizidi 7,000. Bacon mwenyewe alikuwa akisema kwamba fujo ile ilimletea picha akilini.

Lakini tuangalie fujo ile ilikuwa ya nini. Kwa sehemu kubwa ilikuwa picha zilizochanika, kurasa za vitabu, brashi, makopo ya rangi, na turubai alizozichana kwa kisu kwa kuwa hazikumridhisha. Ilikuwa fujo ya kazi inayoendelea. Mtu wa namna hiyo akikanyaga karatasi sakafuni, anakanyaga kitu kilichowahi kuwa au kitakachokuwa sehemu ya mchoro. Nami siwashauri kamwe mwondoe fujo ya aina hiyo. Vipande vya kitambaa chini ya cherehani mtu akiwa katikati ya kushona gauni, au karatasi zilizobandikwa ukutani na mwandishi anayepanga sura za hadithi yake, hivyo vinapaswa kubaki hata wageni wakija. Kinachodhuru ni pale masalia ya mambo yaliyokwisha yanapokaa juu ya meza ya jambo lililo hai.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sehemu ngumu kuliko zote, na naomba mnivumilie nikae hapo kidogo. Kwa mtu mbunifu, rundo zito kabisa huwa ni la malighafi za kazi alizoziacha. Tazameni hili boksi nililolifungua mbele ya kamera. Hiki ni kitambaa cha pamba ambacho tayari kimekatwa mbele na mgongo wa blauzi. Mistari ya chaki ya fundi imefifia, na pini zilizoshikilia mabega zimeshika kutu na kuacha alama za kahawia kwenye nyuzi. Chini yake pana zipu tatu zilizo ndani ya pakiti, mikono ambayo haikuunganishwa, na karatasi ya vipimo vya mtu ambaye bila shaka mwili wake umeshabadilika. Boksi kama hili halichukui nafasi kubwa sakafuni. Nafasi linalochukua iko kifuani, kwa sababu kila ninapotaka kuanza gauni jipya, sauti fulani huniambia kwamba sina haki ya kuanza hadi nimalize ile blauzi ya zamani.

Tabia ya kung'ang'ania vyetu si ya mtu mmoja. Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha mwaka 1990 majaribio ambayo baadhi ya watu walipewa kikombe na kuulizwa wangekiuza kwa bei gani, huku wengine wakiulizwa wangekinunua kwa bei gani. Wenye kikombe walidai takribani mara mbili ya kile ambacho wenzao walikuwa tayari kutoa, ijapokuwa kikombe chenyewe walikuwa wamekipata muda mfupi tu uliopita. Ikiwa kikombe cha dakika chache kinatushika hivyo, sembuse kitambaa tulichokichagua kwa mikono yetu na kukipangia ndoto?

Wahenga walisema akiba haiozi, na kauli hiyo imetumika kutetea maboksi mengi sana. Mimi naiheshimu, lakini naamini kwamba akiba ni kitu ambacho mwenyewe anakijua kilipo, anajua kitamfaa kwa nini, na anaweza kukitoa siku kinapohitajika. Kitambaa kilichosahauliwa uvunguni hakina sifa hizo, tena pini zake zinakiozesha. Kwa hiyo nichukuapo kila kazi iliyoachwa huuliza swali moja: kama ningelikuta hili leo kwa mara ya kwanza, ningelitengea saa katika mwezi huu? Jibu likiwa ndiyo, saa hizo ziandikwe kwenye kalenda papo hapo. Jibu likiwa hapana, nafungua mishono, naokoa zipu na vifungo, na kitambaa nampa mtu anayeshona sasa hivi, ambaye mikononi mwake kitakuwa nguo kabla ya mwezi kwisha. Kufanya hivyo kunauma mara moja. Kuendelea kulitazama boksi kunauma kila siku.

Sisi tunaoishi ughaibuni tuna aina yetu ya mrundikano. Tunaweka vitu kwa ajili ya maisha ya siku tutakaporudi, na wakati huohuo tumewaachia ninyi masanduku yetu, mkayatunza kwa upendo bila kulalamika. Dada au kaka amepoteza robo ya chumba chake kwa ajili ya daftari za shule na viatu vya mtu aliye mbali. Nawaomba kwa dhati: mtupigie simu, mfungue masanduku hayo tukiwa tunaona kwenye video, na mtuulize kimoja kimoja. Mara nyingi sisi wenyewe tumeshasahau kilichomo, na ninyi mnaihitaji nafasi hiyo kuliko sisi tunavyozihitaji daftari.

Jambo moja nalipitia haraka. Ukianza kazi hii utashawishika kununua makapu mazuri, maboksi yenye mifuniko na rafu mpya. Subiri kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, akiwemo Leidy Klotz, walichapisha mwaka 2021 katika jarida la Nature majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wakiombwa kuboresha kitu hukimbilia kuongeza, na mara nyingi hawafikirii kabisa uwezekano wa kupunguza mpaka wakumbushwe. Punguza kwanza, upime kilichobaki, ndipo ujue kama rafu inahitajika.

Maisha nayo yana uvungu wake. Makundi ya WhatsApp ambayo mtu aliingizwa kwa ajili ya shughuli iliyokwisha zamani, ahadi alizozitoa kwa sababu aliona haya kukataa, na vikao visivyomhitaji, vyote hivyo vinakaa ndani ya siku kama zile bahasha zilivyokaa juu ya meza. Kwa upande wa simu, Adrian Ward na wenzake walieleza mwaka 2017 kwamba watu waliofanya majaribio ya kufikiri huku simu zao zikiwa chumba kingine walifanya vizuri zaidi kuliko wale waliokuwa nazo mezani, hata zilipokuwa kimya. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na matokeo hayo, lakini kuipeleka simu chumba kingine hakugharimu chochote, na kila mtu anaweza kujipima mwenyewe. Mwandishi wa Marekani Maya Angelou alikwenda mbali zaidi: alikuwa akikodi chumba cha hoteli kwa ajili ya kuandika, na akaomba picha ziondolewe ukutani.

Wengi wenu mtasema kwamba hoteli ni ndoto, na hata chumba cha ziada hakipo, kwa kuwa meza moja ndiyo ya kulia, ya watoto kusomea na ya kupigia pasi. Kwa hali hiyo nafasi ya ubunifu inaweza kuwa trei pana au boksi fupi lenye mfuniko, lenye ukubwa unaoingia chini ya kitanda bila kusukumwa kwa nguvu. Ndani yake weka kazi moja tu, pamoja na zana zake zote: kama ni kushona, mkasi, uzi wa rangi inayohusika, sindano na futi ya kupimia; kama ni kuandika, daftari na kalamu inayoandika. Meza ikiwa wazi usiku au alfajiri, boksi linapanda juu, mfuniko unatoka, na kazi inaonekana ilivyoachwa. Muda ukiisha, usiipange wala kuifunga vizuri. Iache sindano ikiwa imechomwa pale mshono ulipofikia, au sentensi ikiwa imekatika katikati, ili kesho mkono ujue pa kuanzia bila kutafuta. Wenzenu mnaoishi nao waambieni wazi, kwa upole na mapema, kwamba ndani ya nyumba nzima hilo ni boksi pekee ambalo hakuna mtu atakayewekea kitu chake juu.