Kichwa cha Mosi Kina Mpangaji

MOSI: Haya wapendwa, karibuni tena, Mosi hapa, na Zuu yupo, na kama kawaida kachelewa.

ZUU: Nimechelewa dakika ngapi? Waambie ya kichwa chako bwana, ndo yaliyotuleta.

MOSI: Si ile bajaji ya Jumatatu, ikapanda tuta ikalala ubavu, nikajigonga. Nikaanza kutapika, ikabidi nipigwe siti skani waone kama damu imevujia ndani. Damu hamna, fuvu zima, nikasema alhamdulillah naondoka, dokta akasema "ila kuna kitu kingine."

ZUU: Hiyo "ila" sasa!

MOSI: Kifuko cha maji, kiko kwenye utando unaofunika ubongo, upande wa kushoto. Wanaita araknoidi sisti. Akasema inawezekana kabisa nimezaliwa nacho, hakina uhusiano na ajali, hakina dawa wala hakihitaji, nenda nyumbani. Nenda nyumbani vipi? Tangu siku hiyo nikiinama kufunga viatu nahisi kitu kinacheza.

ZUU: Hakichezi.

MOSI: Kinacheza Zuu, kichwa ni changu.

ZUU: Mbona wenzio wapo wengi. Kule Rotterdam, Uholanzi, waliwapiga MRI, ile picha ya kichwa ya sumaku, watu 2,000 wa miaka 45 kwenda juu, watu wa mtaani tu wa kwenye utafiti, majibu yakatoka 2007. Asilimia 7.2 wana makovu ya kiharusi na hawajui walipata lini, asilimia 1.8 mshipa wa damu umetuna, 1.6 wana uvimbe ule usio kansa. Na wote walikuja kwa miguu yao.

MOSI: Mwaka huohuo 2007 ndo ilitoka ile ya Mfaransa wa Marseille! Hii lazima niiseme.

ZUU: Tuna mada Mosi.

MOSI: Dakika moja. Jamaa ana miaka 44, kaenda hospitali mguu wa kushoto umelegea kidogo. Wanapiga picha, ndani ya fuvu maji matupu, ubongo umesukumwa pembeni umebaki utando mwembamba ukutani. Kumbe alikuwa na kichwa kikubwa utotoni, aliwekewa mrija wa kutolea maji akiwa na miezi sita. Ana mke, ana watoto wawili, na kazi yake sasa, sikiliza, mtumishi wa serikali.

ZUU: (anacheka) Usiseme.

MOSI: Mtumishi wa umma Zuu! Miaka yote hiyo na hakuna bosi aliyeshtuka!

ZUU: Ndo maana ukienda dirisha la tatu unaambiwa rudi la kwanza.

MOSI: "Mtandao uko chini" kumbe ni maji yamejaa.

ZUU: Acha, shangazi yangu yuko halmashauri na anatusikiliza. Shikamoo shangazi, sio wewe. Ila tusiwadanganye watu, ubongo haukupotea, ulibanwa taratibu miaka mingi ukazoea. Na walipomwekea mrija tena mguu ukakaa sawa baada ya wiki kadhaa. Faida ya kujua hiyo!

MOSI: Yule alikuwa na mguu unaolegea! Alikuwa anaumwa. Mimi siumwi, nimepewa tu wasiwasi na risiti juu. Bora dokta angenyamaza.

ZUU: Anyamaze na kichwa changu? Ripoti yangu, picha nimelipia mimi? Haiwezekani.

MOSI: Chukua hao wa mshipa uliotuna. Iliyo midogo mingi haipasuki maisha yote, utakufa na miaka 80 kwa kitu kingine. Ukishaambiwa je? Unaogopa hata kupiga chafya.

ZUU: Mimi nikiambiwa naacha sigara na nadhibiti presha, maana hivyo viwili ndo vinachochea.

MOSI: Presha si unapima hata duka la dawa? Inahitaji MRI?

ZUU: Watu wa kwetu hawapimi mpaka watishwe, unajua.

MOSI: Kwa hiyo mimi nitishwe ili mjomba wako apime presha?

ZUU: Usimwingize mjomba. Nasema hivi, daktari akijificha leo kwa la kheri, kesho atajificha kwa la shari, na wewe hutajua lipi ni lipi.

MOSI: Na mimi nasema usingizi wangu una thamani.

ZUU: Sikubali.

MOSI: Usikubali.

ZUU: (kimya) Haya soma yale manne tuliyoandaa, ya nini umuulize daktari.

MOSI: La kwanza, usiondoke bila ripoti na picha zenyewe, siku nyingine wakikupiga tena walinganishe kama kimekua. La pili...

ZUU: Jamaa wa kwaya wako mlangoni, zamu yetu imeisha.

MOSI: Matatu yamebaki!

ZUU: Wanaingiza spika tayari. Alhamisi jamani, kwaherini, Mosi toa laptopu hapo.