Kadi ya harusi kwa Great Vibes: majina yakae vizuri

Haya karibuni, tupo Mwanjelwa, Mbeya. Leo tunaandika majina ya maharusi kwa Great Vibes, fonti ninayoipenda kuliko zote kwa kadi za harusi na sendofu. Ameichora Rob Leuschke wa Marekani, iko bure kwenye tovuti ya Google Fonts, na leseni yake inaruhusu kazi za biashara. Kupakua na kuiweka kwenye kompyuta mnajua, napita.

Fungua CorelDRAW, programu ya kusanifu michoro, andika majina. Mimi nimechukua Tusajigwe na Atupele kwa sababu yana mikia, yaani herufi zinazoshuka chini ya mstari. Herufi ya kwanza kubwa, zilizobaki ndogo. Zima kapsi loki! Herufi kubwa za fonti hii zimechorwa kuanzia neno, zina mikunjo mirefu. Ukiandika zote kubwa, jina linageuka kichaka, hata bibi harusi halisomi.

Hapa naomba msipeleke video mbele. Nafasi kati ya herufi iacheni sifuri. Sifuri kabisa. Najua siku hizi watu wanapenda kutanua herufi, na kwenye fonti za kawaida inapendeza, ila hizi zimeungana: mstari unatoka kwenye u unaingia kwenye s. Ona, natanua kidogo... Ngoja, taa inamulika kioo, nisogeze kamera. Haya. Nakuza hadi asilimia 400. Umeuona huo ufa kati ya u na s? Kwa mbali hukuuona, lakini kadi ikichapwa jina limekatika vipandevipande. Rudisha sifuri. Na kile kitufe cha kunyoosha maandishi pande zote mbili usikiguse, nacho kinatanua kimyakimya.

Sasa mikia. Kwenye Tusajigwe, j na g zinashuka, na j iko katikati ya jina. Ukiweka "na" katikati chini yake, mkia unaiangukia. Vuta "na" kushoto, ikae chini ya "Tus", halafu shusha Atupele mpaka hiyo t na l zisiguse mkia wa g. Hapo pametulia. Mimi hapa ndipo ninapopaonea raha.

Tarehe, ukumbi na maelezo ya mchango msiandike kwa Great Vibes, jamani. Mistari yake myembamba hupotea maandishi yakiwa madogo, hasa kwenye karatasi yenye vinundu. Weka fonti ya Cormorant Garamond, zinaendana sana. Rangi, nyeusi juu ya krimu inanitosha.

Kabla ya kupeleka steshenari, soma majina upya, hifadhi nakala, kisha Ctrl+Q. Maandishi yanakuwa mchoro, hata kompyuta yao isipokuwa na fonti hii hayabadiliki. Nakala kwanza! Ukishabonyeza na kufunga faili, kosa la herufi hulirekebishi kwa kuandika tena. Nakala kwanza, ndipo Ctrl+Q.

Anayetaka nimtengenezee kadi anitumie ujumbe, oda napokea. Wewe unayejichapia, toa moja kwanza, iangalie j na g kwenye mwanga wa mchana, ndipo utoe zote.