Kupima Ubao wa Tanga Upepo Ukiwa Mwanana

Assalamu alaykum, na habari za asubuhi. Nawashukuru mliofika, maana bahari imetulia na wengi wangesema leo hakuna kazi. Mimi siku kama hii naipenda kwa kupimia ubao wa tanga.

Mwaka 2015 Mfaransa Antoine Albeau alikata mita 500 kwa ubao wa tanga kule Lüderitz, Namibia, kwa wastani wa noti 53.27 (noti ni maili ya baharini kwa saa), karibu kilomita 99 kwa saa. Alipita kwenye mfereji uliochimbwa mahsusi kwa mbio hizo, upepo mkali ukimjia ubavuni kwa nyuma. Sisi tumo kwenye msimu wa tanga mbili, kusi limeondoka na kaskazi halijashika. Upepo ni noti 10, pengine 12.

Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba. Upepo wa noti 40 husukuma tanga mara 16 kuliko wa noti 10. Ukiwa na nguvu zote hizo, pezi baya, lile la chini ya ubao, unaweza usilijue kabisa. Leo utalijua. Ubao ama unanyanyuka na kuteleza juu ya maji, ama unalala. Basi msitafute kasi ya juu. Tazameni unanyanyuka kwa upepo mdogo kiasi gani, na upepo ukilegea, unaendelea kuteleza au unazama. Pezi refu litashinda leo, lakini siku ya upepo mkali hilohilo litawasumbua, kwa hiyo msilisifu kupita kiasi.

Kosa langu kubwa nililifanya nikiwa peke yangu. Asubuhi nikajaribu pezi la zamani, alasiri jipya. Jipya likaenda kasi, nikalinunua. Kumbe ni upepo wa alasiri uliopanda! Tangu hapo sipimi bila mwenzangu. Tunakwenda sambamba, hakuna anayemkinga mwenzake upepo, kisha tunabadilishana. Kasi ikihama na pezi, ni pezi. Ikibaki kwa mtu, ni mtu.

Saa ya GPS nayo ina hila yake: inapima mwendo juu ya ardhi, haijui kama maji yanakwenda. Siku za bamvua, mkondo mlangoni unakuongezea noti usiyoistahili. Ndiyo maana nimechagua maji mafu, na ndiyo maana tutakwenda na kurudi. Namba moja kubwa iliyojitokeza ghafla iacheni; chukueni wastani wa mikimbio mitano ya sekunde 10.

Na tanga. Njooni karibu muone. Kamba hii ya chini nikiivuta, ukingo wa nyuma kule karibu na ncha unalegea, unapepea. Huo ni mfungo wa upepo mkali. Nailegeza upana wa kidole kimoja... oneni, kupepea kumekwisha, tanga limepata tumbo. Kidole kimoja tu! Kiandikeni. Usipokiandika, mchana utadhani ni pezi.

Maji yanajaa saa tano. Wawili wawili, wenye uzito wa kukaribiana, mje mchukue mapezi.