Kuomba Kusoma Sheria Ukiwa na Pasi Mkononi

Assalaam aleikum, na wote hamjambo. Wazazi waliofuatana na watoto wao nawashukuru sana, maana Jumamosi hapa Mombasa kila nyumba ina harusi yake au msiba wake.

Nianze na karatasi yangu mwenyewe. Shahada yangu ya kwanza ni ya biashara, na nilihitimu kwa pasi, daraja la chini kabisa la kufaulu. Daraja la pili la chini sikulifikia. Nilipokuwa mwaka wa pili marehemu baba alipatwa na kiharusi, na duka lake la viungo pale Marikiti likawa halina mtu. Kila Alhamisi usiku nikipanda basi Nairobi, Ijumaa na Jumamosi nauza bizari na iliki, Jumapili usiku narudi. Darasa la Ijumaa sikuliona kwa karibu miaka miwili. Transikripti haikuandika habari za duka. Iliandika 42, 44, 47, na somo moja la kurudia.

Nimeyataja haya kwa sababu vijana wanaokuja ofisini kwangu huibana bahasha kifuani kama waliobeba majibu ya hospitali. Hata kiti hajakivuta, ashasema: "Bi wakili, nataka sheria, lakini alama zangu mbaya." Namuuliza: alama zipi? Za chuo au za shule? Hapo ndipo wengi hukosea, na kosa hilo limewagharimu watu ada za miaka minne.

Kanuni za elimu ya sheria za mwaka 2016, zinazosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, zinataja njia kadhaa za kuingia shahada ya sheria hapa Kenya. Moja ni C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, pamoja na B kamili ya Kiingereza au Kiswahili. Nyingine ni kuwa na shahada kutoka chuo kinachotambuliwa. Nyingine ni stashahada ya sheria uliyoipasi kwa kiwango cha krediti. Hiyo njia ya shahada isomeni polepole: imetaja shahada, haikutaja daraja. Chuo chenyewe kinaweza kuweka sharti lake juu ya hilo, na nafasi zikiwa chache kitachagua, lakini pasi peke yake haikufungii mlango.

Kinachowafungia watu mlango kiko mbele zaidi, na wao hawakioni. Baada ya shahada kuna Shule ya Sheria ya Kenya, kule Karen, ambako kila anayetaka kuwa wakili hupitia. Ina sheria yake ya mwaka 2012, na jedwali lake la pili linazitaja tena alama za KCSE. Je, alama hizo zinamhusu kila mtu au baadhi tu? Watu wamelipigania swali hilo mahakamani mpaka Mahakama ya Rufani, baada ya kufika Karen na shahada ya sheria mkononi wakarudishwa kwa sababu ya mtihani walioufanya wakiwa watoto wa shule. Basi kabla hujalipa shilingi ya kwanza, soma jedwali hilo kama lilivyo leo, kwenye tovuti ya Kenya Law, bure. Kisha waandikie Shule ya Sheria, uwaulize kuhusu alama zako wewe, na jibu lao ulihifadhi.

Na hapa niseme neno na watoto wa Pwani. Sheria imesema Kiingereza au Kiswahili. Nimewaona vijana wa Mji wa Kale, wa Kisauni, wa Likoni, Kiswahili chao kinatiririka, na katika KCSE wameambulia C kwa sababu waliona aibu kukisomea lugha ya nyumbani. Aliye bado shuleni akisome Kiswahili kama anavyosoma hesabu. Aliyekwisha kukosa, wapo wanaorudia KCSE wakiwa watahiniwa wa binafsi, na si aibu hata kidogo.

Sasa nije kwa jambo lililonileta: barua ya kueleza alama zako unapoomba nafasi. Mara ya kwanza nilipoomba kusoma sheria niliandika kurasa tatu kuhusu baba. Nililia nikiandika. Nikakataliwa. Nikaenda kufanya kazi ya ukarani kwa wakili mmoja karibu na mahakama, nikawa kila siku naingia masjala, nabeba majalada, nasoma utetezi wa watu. Huko ndiko nilikojifunza kilichoniharibia ile barua. Mdaiwa akikana kila kitu, hata kile ambacho risiti inaonyesha, hakimu huacha kumsadiki hata pale anaposema kweli. Na mdaiwa anayelia bila karatasi, hakimu humwonea huruma, kisha humwandikia hukumu ya kulipa.

Kwa hivyo kubali kinachokubalika, tena mapema, tena kwa tarakimu. Kijana mmoja aliniletea barua iliyoanza hivi: "Nilikumbana na changamoto mbalimbali za kifamilia zilizoathiri masomo yangu kwa namna moja au nyingine." Sentensi hiyo haina mtu, haina siku, haina ushahidi. Tulikaa alasiri nzima. Ilipotoka ilikuwa hivi: "Kuanzia Septemba 2017 hadi Aprili 2019 nilifanya kazi ya usiku bandarini ili kuwalipia ada wadogo zangu wawili. Wastani wangu katika miaka hiyo ulikuwa 45. Niliacha kazi hiyo Mei 2019, na wastani wa miaka miwili iliyofuata ni 61. Barua ya mwajiri nimeiambatanisha." Akanyamaza hapo. Anayesoma ameona sababu, ameona lini ilianza, na zaidi ya yote ameona lini iliisha. Barua nyingi husahau hilo la mwisho, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu anayekuchagua anataka kujua kama tatizo bado unalo.

Nusu ukurasa watosha. Ndoto zako za kutetea wanyonge ziweke kwenye barua nyingine.

Halafu barua za wanaokushuhudia. Mji huu wetu tuna mazoea ya kumfuata mheshimiwa atutilie sahihi. Mheshimiwa hajaona kazi yako hata siku moja. Karani mkuu aliyekuona ukipanga majalada mia mbili bila kupoteza moja, au msaidizi wa sheria uliyezunguka naye Changamwe kwenye kesi za wapangaji, maneno yake yana uzito kwa sababu yana mambo ndani yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa sheria. Mwaka mmoja wa kazi hiyo utaonyesha unaloliweza leo, jambo ambalo transikripti ya zamani haiwezi kulionyesha.

Kijana wa mbele ameniletea kikaratasi: na Marekani je? Kule sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, miaka mitatu, na kuna mtihani uitwao LSAT, alama zake kutoka 120 hadi 180. Tangu Agosti 2024 sehemu ya mafumbo ya mantiki imeondolewa. Umebaki kupima hoja na kusoma kwa ufahamu. Alama za chuo chetu hazigeuzwi kuwa wastani wao unaohesabiwa kwa kipimo cha nne. Hupimwa kwa maneno, kama ni bora, ya juu ya wastani, ya wastani au ya chini yake. Kwa hivyo mtihani huo ndio utakaokubeba au kukuangusha, na barua ya maelezo kule ni desturi ya kawaida.

Mwisho nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kuna alama mbaya zinazosema kweli. Mwaka 2022 jirani zetu Tanzania walipata mshtuko: katika Shule ya Sheria, wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndio waliofaulu moja kwa moja. Na wale wote walikuwa na shahada ya sheria tayari. Karen kuna masomo tisa, na kila mwaka wapo wanaorudia. Ikiwa alama zilishuka kwa sababu ya duka, duka likifungwa zitapanda. Ikiwa zilishuka kwa sababu huwezi kukaa na kurasa arubaini za hukumu mpaka mwisho, usiombe mwaka huu. Chukua hukumu moja kila wiki, uisome, uifupishe kwa ukurasa mmoja, kwa miezi sita. Ukimaliza miezi hiyo na bado una hamu, njoo.

Mimi nipo hapa mpaka adhana ya magharibi. Aliyekuja na transikripti aitoe kwenye bahasha, aje tuisome pamoja. Tuanze na yule binti wa nyuma, ndiye aliyewahi kufika.