Mbayuwayu wa Udongo, na Bibi Aliyekumbuka

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo, mambo! Leo nazungumza nanyi nikiwa hapa Ureno, na huyu niliyemshika ni mbayuwayu wa udongo. Ukipita mitaa ya zamani utawaona wamepachikwa kwenye kuta za nyumba, watatu au wanne pamoja. Walibuniwa na Rafael Bordalo Pinheiro, mchora katuni aliyeanzisha kiwanda cha vyombo vya udongo mjini Caldas da Rainha mwaka 1884. Mbayuwayu wa kweli hukimbilia kwetu Afrika baridi ikianza, na joto likirudi huku, naye hurudi kwenye kiota chake. Sisi tunaoishi mbali na kwetu, ndege huyu anatugusa.

Huyu ametoka kwenye kalibu ya plasta. Fundi humkwangua mishono, humpaka rangi kwa mkono, kisha humtia tanuri. Kalibu ikitunzwa, umbo lipo. Ila kuna kazi ambazo kalibu yake ni kichwa cha mtu, na hizo ndizo zinaninyima usingizi.

Twende Estremoz, kusini, jimbo la Alentejo. Huko hufinyanga watakatifu, wachungaji, na filimbi zenye jogoo juu yake. Msingi ni vitu vitatu tu: tonge, bapa na kamba ya udongo. Unaviunganisha, unachoma, ndipo unapaka rangi. Karne ya 20 ilipoanza, kazi hii ilikuwa inakufa. Miaka ya 1930 mchongaji Sá Lemos, mkuu wa shule ya ufundi ya pale, akamtafuta bibi mmoja mzee, Ana das Peles, ambaye bado alikumbuka namna ya kutengeneza. Akamwomba afinyange tena. Jamani, bibi mmoja! Mwaka 2017 UNESCO ikauingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Na kaskazini, Barcelos, alikuwepo Rosa Ramalho, aliyezaliwa mwaka 1888. Alifinyanga akiwa msichana, akaolewa na msaga nafaka, akauacha udongo kwa miongo mingi. Alipofiwa na mume ndipo akaurudia, akatoa wanyama wa ajabu, wengine wana nyuso za watu, mpaka wasanii wa mjini wakaja kumtafuta. Kusoma hakujua, kazi zake aliziwekea alama ya RR. Alifariki mwaka 1977, na mjukuu wake Júlia, aliyekua akimwangalia, akaendeleza.

Sasa nyie mlioko Kyela, kule Tanzania kando ya Ziwa Nyasa, akina mama wa kabila la Wakisi wa kijiji cha Ikombe wanafinyanga vyungu ambavyo nimevijua tangu utotoni. Mabinti zao wanakaa nao wakijifunza? Nijibuni hapo chini. Nikija likizo nataka nije na kamera, na kama wataniruhusu, nirekodi kazi yote, kuanzia kuchimba udongo hadi kuchoma.