Kabla ya Kubadilisha Valvu: Mhadhara Kuhusu Sauti ya Amplifaya Kongwe za Gita

Assalaam alaykum, wazee wangu, walimu na wanamuziki wenzangu. Nimetakiwa nizungumze kuhusu namna ya kupata sauti nzuri katika amplifaya kongwe ya gita, hizi zinazotumia valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, na ninalotaka kulisema ni moja: hapa Unguja, amplifaya ya namna hiyo ikitoa sauti mbaya, mara nyingi valvu zake hazina kosa, na anayeanza kwa kununua valvu mpya huwa ameanzia mwisho.

Nalisema hilo kwa sababu mimi mwenyewe nilianzia huko. Amplifaya yangu ni ya Kiingereza, ya miaka ya 1960, yenye valvu mbili za EL84 zinazosukuma spika, nayo ilikaa muda mrefu katika chumba cha chini cha nyumba moja ya Malindi hapa Unguja, ambamo kuta hutoka chumvi kila masika. Nilipoiwasha ilikwaruza kama redio iliyo nje ya stesheni, na sauti ikawa inakuja na kupotea. Niliagiza valvu, nikazitia, ikatulia siku nne kisha ikarudia yale yale. Nikaagiza nyengine. Safari ya pili ndipo nilipotanabahi kwamba kila nilipochomeka valvu mpya, miguu yake ilikuwa ikikwangua kutu ndani ya soketi, na sauti ilipona kwa mkwanguo ule, si kwa upya wa valvu. Zile valvu kongwe za mwanzo bado ninazo, na ndizo ninazozipigia mpaka leo.

Valvu, tofauti na vifaa vingine vya umeme, haikuchomewa kwa risasi. Imechomekwa tu, na EL84 ina miguu tisa inayobanwa na vibanio vyembamba vya chuma. Hewa yetu ya chumvi huvivaa vibanio hivyo kabla ya kitu chengine chochote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupuliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, kuichomeka na kuichomoa valvu mara kadhaa, na kuvikaza vibanio vilivyolegea kwa sindano. Fanyeni hivyo hivyo kwa matundu ya waya wa gita na kwa vile vifundo vya kuzungusha vya volumu na toni. Lakini msiufungue mgongo wa amplifaya kwa sababu tu mmechomoa plagi. Kapasita zake, yaani vifaa vinavyoweka akiba ya umeme, huweza kubakia na volti 300 na zaidi baada ya umeme kukatwa, na volti hizo zinaua. Fundi huziondoa kwa rezista, kifaa cha kuzuia umeme usipite kwa kasi, kisha hupima kwa mita kuhakikisha hakuna kilichobaki, na asiyejua kufanya hivyo ampelekee anayejua.

La pili ni umeme wenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na sote tunaikumbuka ile miezi mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009, waya ulipoharibika. Umeme unaotarajiwa ni wa volti 230, lakini kinachofika nyumbani jioni, saa za pasi na majiko, kinaweza kuwa chini ya hapo. Waya unaowasha moto ndani ya valvu zetu unataka volti 6.3. Amplifaya iliyofungwa kwa volti 240 ikipewa 200, moto huo hushuka mpaka volti 5.25, na volti zote nyengine hushuka pamoja nao; sauti inakuwa imelala, haina ukali wala nguvu, na mpigaji anailaumu gita. Kinyume chake, amplifaya iliyowekwa kwenye 220 ikapewa 245 hupata volti 7 na valvu huchakaa upesi. Nyingi za Kiingereza zina kiteuzi cha volti nyuma, yaani swichi ya kuchagulia volti. Pimeni umeme wenu saa mnayopigia, si asubuhi, kisha mchague volti iliyo karibu nao. Mwenye amplifaya ya Kimarekani ya volti 120 hana budi kutumia transfoma ya kushushia, tena kubwa kuliko inavyodhaniwa, na aangalie kama ilitengenezwa kwa umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde tu, kwani kwa mizunguko yetu 50 transfoma yake ya ndani itapata joto zaidi.

Mngurumo nao husema ugonjwa wake, kwa anayejua kusikiliza. Pigeni ule uzi mnene wa gita kwenye freti ya tatu, yaani kile chuma cha tatu cha shingo ya gita: hiyo ni mizunguko 98 kwa sekunde. Mngurumo ukikaribiana na noti hiyo, ni mizunguko 100, na dalili ni kwamba kapasita za kuchujia umeme zimekauka. Hizo ni lazima zibadilishwe, hata kwa mtu anayetaka kila kitu kibaki cha asili. Ukiwa chini yake kwa oktava nzima, tafuteni kosa katika waya wa moto wa valvu au katika ardhi ya umeme.

Amplifaya ikishapona, jambo lililobaki ni masikio. Valvu inapozidiwa haikati mawimbi ya sauti kwa kisu; huyakunja taratibu, na mkunjo huo ndio utamu tunaoutafuta. Hauji mpaka volumu ipande, na ndiyo maana amplifaya ya wati 15 iliyofunguliwa volumu huwa tamu kuliko ya wati 100 iliyobanwa, hasa katika ukumbi mdogo. Mpigaji wa taarab anayejibizana na qanuni atataka sauti safi, basi na apunguze volumu kwenye gita lenyewe, aache ya amplifaya ilipo. Ndani ya Ngome Kongwe, ambako hakuna dari la kurudisha sauti, ni bora kuiwekea maikrofoni kuliko kuongeza wati: kutoka wati 15 kwenda 30 sikio halisikii zaidi ya ongezeko dogo. Na msiiwashe hata siku moja bila ya spika kuunganishwa, kwani transfoma ya kutolea sauti huungua, na hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote kuipata.

Kabla ya kuanza, kijana mmoja aliniuliza mlangoni kama ni kweli kwamba valvu zilizotengenezwa miaka ya 1960 zinashinda za leo. Baadhi zinashinda, hasa kwa kudumu. Lakini nilimuuliza lini alisafisha soketi zake, akacheka, nikajua nianzie wapi usiku huu.